Caravan ya Kilo Moja na Nusu

Popo wa Pemba, ambaye wanasayansi humwita Pteropus voeltzkowi na ambaye haishi porini popote duniani ila huko, akikunjua mabawa hufikia mita 1.6 kutoka ncha hadi ncha. Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari ya Mkoani, ni mojawapo ya makazi yake yanayojulikana. Juu ya popo hao, angani, hupita Cessna Grand Caravan, ndege ya injini moja inayochukua abiria kati ya Unguja na Chake Chake. Mabawa yake yana urefu wa mita 15.88. Igawe kwa kumi upate mita 1.59, yaani fundi akiunda Caravan ya mfano kwa kipimo cha moja kwa kumi, atapata kitu chenye upana wa popo yule yule.

Mizani ndiyo inayowatenganisha. Popo ana uzito wa nusu kilo hivi. Caravan ya kweli huruhusiwa kupaa na kilo 3,969, na ukipunguza urefu, upana na kimo mara kumi kila kimoja, uzito unapungua mara elfu. Zinabaki karibu kilo 4, takriban mara nane ya popo, zibebwe na mabawa yenye upana ule ule. Kila anayeunda ndege za mfano hukutana na hesabu hii mapema, na asiyeijua hufundishwa na ardhi.

Ufundi huu wa kuunda, kurekebisha na kurusha ndege ndogo kwa rimoti una miaka karibu tisini. Afrika Mashariki umeingia kwa mlango wa nyuma: ndege zimefika zikiwa tayari kwa kazi, bila ya wale watu wanaokesha wakizikatakata na kuzigundisha upya. Marubani wa droni tumepata, tena wazuri. Waundaji ni wachache mno, na sababu zake hazifanani na zile zinazotajwa kwa kawaida.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia, wakisaidiwa na shirika la Uswisi la Drone Adventures, walianza mradi wa kuipiga picha Zanzibar kutoka angani, Unguja na Pemba. Aliyetarajia kuona mtambo wa kijeshi angeshangaa. Chombo chenyewe, eBee ya kampuni ya senseFly, ni bawa la povu gumu lenye upana wa sentimita 96 na uzito wa gramu 700 hivi. Mota yake ya umeme iko nyuma. Hurushwa kwa mkono na hutua kwa kuburura tumbo. Vijana wa SUZA walifundishwa kuirusha, wakarudi na picha zinazoonyesha paa moja moja la bati. Mwaka 2018 picha hizo zikatumika katika shindano la kimataifa la kuifundisha kompyuta kutofautisha nyumba iliyokamilika, isiyokamilika na msingi mtupu. Anayejua Zanzibar ilivyojaa misingi inayosubiri saruji ataelewa kwa nini swali hilo liliulizwa.

Mwaka 2019 droni za DJI zilinyunyiza Aquatain juu ya maji ya mashamba ya mpunga ya Cheju, Unguja. Dawa hiyo hutandaza utando mwembamba wa silikoni unaowazuia viluwiluwi wa mbu kupata hewa. Mwaka uliotangulia, Ziwa Victoria, DHL na shirika la Kijerumani la GIZ walijaribu kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe kwa chombo cha Wingcopter, kilomita 60 kwa dakika 40. Rwanda imekuwa ikisambaza damu kwa ndege za Zipline tangu Oktoba 2016. Sasa itazame orodha hiyo kwa jicho la fundi: Uswisi, China, Ujerumani, Marekani. Kwetu zilitoka kazi, anga na mikono ya kubonyeza.

Huko zilikotoka, nyingi zina nasaba ya mchezo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndugu pacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao iliyoitwa Guff, mojawapo ya ndege za kwanza za mfano kuongozwa kwa redio kwa mafanikio. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Katika muongo huo huo Reginald Denny, mwigizaji wa sinema aliyezaliwa Uingereza, alifungua duka la ndege za kuchezea Hollywood. Duka likazaa kampuni ya Radioplane, na kampuni hiyo ikalitengenezea jeshi la Marekani ndege ndogo za kufanyia shabaha, karibu 15,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kibarua mmoja wa kiwanda hicho, msichana Norma Jeane, alipigwa picha akiwa kazini; baadaye dunia ilimjua kwa jina la Marilyn Monroe. Miaka sabini hivi baada ya Guff mambo yalijirudia. Mwaka 2007 Chris Anderson, mhariri wa jarida la Wired, alianza kucheza na watoto wake kwa vipande vya Lego vilivyofungwa kwenye ndege ya rimoti, na jumuiya iliyomzunguka ikachangia kuzaliwa kwa ArduPilot, programu ya bure ambayo sasa huongoza droni za kila namna.

Afrika Mashariki hatua hiyo ya katikati imerukwa. Vijana wenye kiu ya kuruka wapo, tena wanajulikana. Chris Nsamba wa Uganda aliianza African Skyhawk uani kwao Ntinda, Kampala, na mwaka 2011 magazeti ya dunia yalimwandika. Gabriel Nderitu wa Kenya, mtaalamu wa kompyuta, aliunda ndege yenye injini ya Toyota. Adam Kinyekire, fundi wa Tunduma mkoani Songwe, aliunda helikopta. Juhudi zao zinastahili heshima, lakini hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo kilichofikia kuwa ndege ya safari. Wote walianzia kwenye chombo cha kubeba mtu. Kosa la uzito au la mizani katika chombo kama hicho linaweza kumaliza maisha ya mtu na akiba ya miaka mingi. Katika ndege ya kilo moja na nusu, kosa hilo hilo ni hasara ya jioni moja na chupa ya gundi. Labda magazeti nayo yana lawama: ndege ya kilo moja na nusu haipigwi picha ukurasa wa mbele.

Malawi ilionyesha njia ya pili. Mwaka 2017 ilifungua huko Kasungu ukanda wa majaribio ya droni kwa ushirikiano na UNICEF, na vijana wake wakashirikiana na wahandisi wa Virginia Tech kuunda EcoSoar, ndege ya ubao wa povu na vipande vya plastiki vilivyochapwa kwa mashine, kwa dola mia chache tu. Januari 2020 chuo cha droni kikafunguliwa Lilongwe. Pale mwanafunzi aliyeivunja ndege aliijenga tena mwenyewe.

Je, kazi hiyo ingewezekana Makoongwe? Tuichukue Caravan ya moja kwa kumi tuipeleke huko, hatua kwa hatua.

Mikono ipo. Kijana wa pwani hukua akitengeneza tiara kwa chelewa za makuti, karatasi na uzi, na kabla ya kubalehe ameshajua kwamba kamba ikifungwa chini mno tiara hugoma kupanda, na mkia ukiwa mfupi huzunguka kama kichaa. Hiyo ni aerodinamiki, hata kama hakuna mwalimu aliyemwambia. Mafundi wa madau na mashua nao wanajua kusimamisha mataruma juu ya mkuku na kupinda ubao ufuate umbo, na kiunzi cha ndege ya mfano hujengwa kwa mpangilio huo huo: mti mmoja wa urefu, mbavu zilizopangwa, kisha ngozi juu yake.

Lakini fundi wa mashua ana mazoea yatakayomponza. Chombo cha bahari kinasamehe ubao wa ziada; wakati mwingine uzito ndio unaokituliza kwenye mawimbi. Ndege haisamehi. Bawa la Caravan yetu ndogo lina eneo la mita ya mraba 0.26. Likibebeshwa kilo 4, ndege italazimika kukimbia kilomita 50 kwa saa au zaidi ndipo isianguke, kwa sababu hewa haishiki bawa dogo vizuri kama inavyoshika bawa kubwa. Ikishushwa hadi kilo moja na nusu, mwendo huo wa chini unapungua hadi kilomita 30 hivi, na rubani anayejifunza anapata nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya ndege ya mfano inachekesha kidogo: ili ifanane na Caravan machoni, lazima iwe nyepesi kuliko hesabu ya Caravan inavyodai.

Vifaa vyepesi si lazima vitoke mbali. Waundaji wa nchi nyingine husifu balsa, mti wa Amerika ya kitropiki, lakini povu jeupe linalokinga friji na televisheni ndani ya maboksi hufanya kazi nzuri, na kila kisiwa chenye duka la friji kinalo. Hukatwa kwa waya wa moto uliounganishwa na betri, kisha husuguliwa kwa msasa. Mwanzi uliopasuliwa ukigundishwa ndani ya bawa hulizuia kuvunjika katikati. Fito za mwale, mti unaoota katika msitu wa Ngezi, ni nyepesi ajabu na zingestahili kujaribiwa kwenye mbavu. Tahadhari iko kwenye gundi: baadhi ya gundi kali za dukani huyeyusha povu mbele ya macho yako. Rangi nayo ni uzito, na fundi anayependa kupaka mara tatu ajue anapakia abiria.

Kurekebisha ndiko kunakotaka akili zaidi. Mfano ulio sahihi kabisa, kila kitu kikigawanywa kwa kumi, huruka vibaya. Mkia wa Caravan ukipunguzwa sawasawa mara nyingi huwa mdogo mno kwa ndege nyepesi inayochezewa na upepo, na waundaji wenye uzoefu huuongeza kidogo, kiasi ambacho mtazamaji hatagundua. Umbo la bawa hubadilishwa pia. Wengi huchukua Clark Y, umbo lililochorwa mwaka 1922 na Virginius Clark, lenye tumbo karibu bapa, linaloweza kulazwa juu ya meza wakati wa kugundisha. Propela ya pande tatu huachiwa maonyesho, na siku ya kuruka hufungwa ya pande mbili. Juu ya yote, kitovu cha uzito kikae kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele. Kikirudi nyuma, ndege huinua pua mpaka hewa inaachana na bawa, na hapo rimoti haina la kusema. Betri husogezwa mbele na nyuma hadi ndege ilale sawa juu ya ncha za vidole viwili vilivyowekwa chini ya mabawa.

Kisha swali la Makoongwe lenyewe: itaruka wapi? Ardhi tambarare ni ndogo, na minazi haimsikilizi rubani. Hapa Caravan ina bahati, kwa sababu ya kweli nayo huundwa ikiwa na maboya ya kutua majini. Kuivalisha ya mfano maboya ya povu yenye urefu wa robo tatu ya mwili wake ni marekebisho yanayokubalika kabisa. Siri iko chini ya boya: lazima pawe na kikato, kama ngazi moja, nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, ili maji yaachie. Boya lenye tumbo laini kutoka mwanzo hadi mwisho hung'ang'aniwa na maji, na ndege itakwenda mbio hadi betri iishe bila kupaa. Mtu aliyewahi kuchonga ngalawa ataelewa kikato hicho haraka kuliko mwanafunzi wa uhandisi.

Maji ya chumvi yanadai malipo yake. Kipokea redio kikilowa bahari, hakikauki kikapona, kwa hiyo hufungwa ndani ya mpira au plastiki. Mota za umeme huoshwa kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Skrubu za chuma huota kutu ndani ya wiki.

Upepo nao una ratiba. Kusi la Julai likivuma kilomita 30 kwa saa, Caravan yetu ya kilo moja na nusu itasimama angani mahali pamoja ikitazama kusini, na ikigeuka itapotea kuelekea Chake Chake. Kipindi cha tanga mbili, upepo unapobadilika, ndicho cha mwanagenzi, na asubuhi mapema ni bora kuliko alasiri wakati wowote wa mwaka.

Umeme na betri si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Ndege ya ukubwa huu hutumia betri ya lithiamu ya seli tatu, volti 11.1, yenye nishati ya wati-saa 24 hivi, ya kutosha dakika kumi za kuruka kwa utulivu. Chaja zake nyingi hukubali volti 12, yaani betri ya gari au ya sola inatosha kuijaza. Kwenye ndege za abiria huruhusiwa katika mzigo wa mkononi kwa kuwa iko chini ya wati-saa 100, lakini kuituma kwa posta ni taabu, na hapo ndipo bei inapopanda. Betri hizi hazitaki mzaha: iliyovimba haichajiwi, na hakuna inayochajiwa usiku watu wakiwa wamelala, hasa chini ya paa la makuti.

Kwa hiyo mikono ipo, povu lipo, bahari ipo. Kinachokosekana ni ruhusa yenye ukubwa wa ndege yenyewe.

Kanuni za Tanzania za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2018 ziliweka usajili na vibali chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na suala la ulinzi wa taifa linahusishwa. Kenya ilihangaika zaidi: kanuni za 2017 zilikataliwa na Bunge, na za sasa ni za 2020. Hofu ya serikali ina msingi. Kitu kinachobeba kamera kinaweza kubeba kingine, na Caravan ya kweli yenye abiria haitaki kukutana na Caravan ya povu. Hata hivyo Makoongwe iko zaidi ya kilomita 20 kutoka uwanja wa ndege wa Pemba, na ndege ya mfano isiyo na kamera, inayorushwa na mtu anayeiona kwa macho yake, chini ya mita 120, haifanani na chombo cha kupima ardhi kinachojiongoza chenyewe. Nchi za Ulaya zimetenga utaratibu wa vilabu vya ndege za mfano; mwanachama huingia chini ya kibali cha klabu. Marekani anayerusha kwa mapumziko kitu chini ya gramu 250 halazimiki kukisajili. Kikizidi hapo, hujisajili; jaribio fupi la maswali humhusu kila mrushaji, chombo kiwe na uzito wowote. Utaratibu wa klabu ungefaa zaidi visiwani kuliko ule wa gramu, kwa sababu humpa sheha mtu wa kumwita ndege ikianguka juu ya nyumba, na humpa kijana fundi mkubwa wa kumkagua kabla hajaiwasha.

SUZA, ambayo vijana wake walishika eBee miaka kumi iliyopita, ingeweza kuwa mwanachama wa kwanza wa klabu kama hiyo. Ina walimu na uzoefu wa vibali, na hesabu ya uzito, mwendo na kitovu cha mizani inaingia vizuri katika somo la fizikia la sekondari. Kumpa mwanafunzi droni iliyonunuliwa humfundisha kubonyeza; kumpa kipande cha povu na waya wa moto humlazimisha ajue kwa nini.

Ratiba ya mahali ingepaswa kuandikwa na wenye bahari yao. Wakati wa bamvua maji ya Pemba hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kuacha mchanga mpana ulioshikamana, uwanja ambao rubani yeyote angeutamani. Ndio muda huo huo ambao sehemu nyingi za kisiwa wanawake huwa chini ufuoni, wameinama kwenye kamba za mwani au wakichokoa chaza, migongo yao ikiwa imeelekea angani, na ndege ya kilo moja na nusu inayoshuka kwa kilomita 30 kwa saa inaweza kuvunja mfupa. Ndege ya maboya basi inaangukia siku za maji mafu, bahari inapokaa nusu na shughuli za mwani zinapopungua, asubuhi kabla upepo haujaamka, upande ambao mashua za kuvusha watu kwenda Mkoani hazipiti. Kwa mwezi ni siku chache kabla na baada ya mwezi kuonekana nusu angani. Siku nyingine zote ni za msasa na gundi.